Abiria wa Chini ya Boti

Sikudhani alikuwa anachambua mchele jikoni, ungo mapajani, miguu ameikita kwenye kabati la upande wa pili ili asiteleze, kwa sababu boti ilikuwa inalalia upande wa kushoto. Sufuria ya maharage ilikuwa juu ya jiko, imefungwa kwa mipira ya bodaboda, ile ya kufungia mizigo. Alijifunza hilo baada ya mboga ya siku ya kwanza kumwagika yote sakafuni. Dirishani maji yalipanda, yakashuka, yakapanda tena, na kila yaliposhuka aliona uzio wa waya wa yadi, na nyuma ya uzio watu wa Kwala wakipalilia mihogo yao.

Boti ililetwa pale juu ya lori kutoka bandarini Dar, ikaegemezwa kwenye vyuma katika yadi ya mtu binafsi, ikakaa. Mwenye nayo anaishi ng'ambo. Siku moja alimpigia simu nahodha Melkiori, akamwambia safari ya kuvuka bahari ianze. Melkiori ni mtu wa Maneromango kule Kisarawe, Mlutheri wa kanisa la babu zake, amezeekea kwenye meli za mizigo, na maishani mwake hajawahi kubishana na mwenye chombo. Akasali, akamwambia Sadick fundi awashe injini. Injini ikawaka, bahari ikaja. Ilianzia chini ya boti, ikatandaa mpaka kwenye uzio, hapo ikasimama. Mlinzi wa getini akasogeza kiti chake.

Tangu hapo wakawa safarini. Nahodha alishika usukani asubuhi, Sadick mchana, na Sikudhani, aliyeajiriwa apike tu, akajikuta anashika jioni huku wali unaiva. Siku za mwanzo alitapika mpaka akaona dunia chungu, nahodha akampa tangawizi atafune. Maji ya kunywa yalipimwa kwa kikombe. Unga na nyanya vililetwa na bodaboda kutoka Mlandizi mpaka getini, mlinzi akaviweka kwenye beseni, nao wakalivuta kwa kamba. Sadick alivua changu, akawauzia akina mama wa kule nje kwa kuwapitishia juu ya uzio.

"Dada Siku, hii bahari ni ya bure kabisa," alisema. "Wangeileta zamani."

Asubuhi hiyo ya mchele, Sikudhani alisikia mtu anapanda ngazi ya nyuma, ile ya waogeleaji. Akadhani ni Sadick. Lakini Sadick hapigi hodi.

"Hodi humu."

"Karibu," akajibu, akainua macho, akamwona mama yake, Bi Mwamini, aliyefariki kwa presha miaka mingi iliyopita. Alikuwa ndani ya sanda, amelowa chapachapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe kitu nijifute miguu. Huko chini kumejaa maji."

Sikudhani akampa taulo, kisha akampa kanga yake kavu, sanda akaianika kwenye nguzo za pembeni, katikati ya ovaroli za Sadick. Mama kuja, amekuja. Shida ilikuwa alikotokea. Alitakiwa awe Sofu.

Yadi ile, kabla haijawa yadi, ilikuwa mikorosho ya ukoo wao, na chini ya mikorosho yalikuwepo makaburi. Yadi ilipotaka ardhi, ilisema makaburi yatahamishiwa Sofu, kwenye kiwanja kizuri, na mkandarasi akahamisha. Kila ukoo ulikabidhiwa masanduku yake, yamefunikwa shuka nyeupe, mashekhe wakasoma, wanaume wakazika upya. Wanawake hawakwenda, si kawaida yao kwenda kuzika. Sanduku la Bi Mwamini alilipokea Latifu, mdogo wake Sikudhani. Tangu hapo kila mwezi wa Shaabani, kabla ya vunjajungu, Sikudhani alikwenda Sofu kung'oa majani juu ya lile kaburi, akalimwagia marashi na kulisimulia habari za nyumbani.

"Mama, wewe si ulihamishwa?"

"Nani kanihamisha?" Bi Mwamini alikuwa anajikamua nywele. "Wanaume waliwachimbua, akina baba yako mdogo wale wote wamekwenda. Sisi wanawake walituacha. Nilimsikia yule mkandarasi anawaambia vijana wake wasijitese, masanduku ya wanawake wajaze udongo wa kichuguu, maana hakuna Mwislamu atakayefunua maiti ya kike mbele za watu."

Sikudhani aliacha ungo.

"Kwa hiyo nilikuwa nang'olea majani kichuguu?"

"Nilikuwa nakusikia, mwanangu. Ila kwa mbali mno. Nikadhani nimeanza uziwi."

Hapo Sikudhani alilia, wala hakujificha. Mama yake akamchukulia ungo akaendelea kuchambua mchele, maana jua lilikuwa linapanda na watu wangetaka kula.

Nahodha aliposhuka alimsalimia mgeni, akapewa habari yote, akavua kofia. Alisema kwake kila anayepanda ngazi ni wa chombo. Akampa Bi Mwamini chumba cha mwenye boti, ambacho kitanda chake kilikuwa hakijawahi kulaliwa na mtu. Lakini Sikudhani hakutaka mama yake awe na chumba. Alitaka awe na kaburi. Alitaka azikwe mahali panapojulikana, ili siku akimwita asikie vizuri. Akamwomba mlinzi amwite msimamizi wa yadi.

Bwana Vicent alikuja amevaa mabuti ya mvua, yakajaa maji, Sadick akamvuta kwa kamba na beseni. Akaketi mezani, akakaribishwa chai na maandazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, kwenye kumbukumbu zetu inaonekana ulishahamishwa. Uko Sofu."

"Siko Sofu. Niko hapa."

Bwana Vicent alitazama dirishani. Wimbi lilipita, likapiga kioo, likashuka. Akamaliza andazi lake taratibu.

"Hapa naona bahari, mama. Baharini kuna makaburi gani? Nikiandika kuna makaburi hapa, watanicheka." Akamgeukia Sikudhani. "Dada yangu, huyu ni abiria, na abiria ni wa nahodha. Maandazi yako matamu lakini, hongera."

"Na hao wanawake wengine walioko huko chini?" Sikudhani akauliza.

"Nao wakipanda, ni abiria."

Akashuka zake, mabuti mkononi. Sikudhani alikasirika, akavunja kikombe, kisha akaviokota vipande vyote kwa sababu boti ikilala vipande vinatembea. Akampigia simu Latifu, mwenye duka pale Sofu.

"Mama yuko huku."

"Nipe nimsalimie," alisema Latifu.

Wakasalimiana. Bi Mwamini akamwuliza habari za wajukuu, za mguu wake uliokuwa unamsumbua, kisha akamweleza la kichuguu, bila kumlaumu. Simu ikarudi kwa Sikudhani.

"Latifu, ulishindwa hata kuinua kifuniko?"

"Ningemfunuaje mama?" Latifu akauliza. "Mbele ya watu wote wale? Wewe ungekuwa mimi ungemfunua?"

Hata Sikudhani asingefunua.

"Basi tumlete Sofu sasa, tuchimbe upya."

"Dada." Latifu alivuta pumzi. "Pale pameshajengewa marumaru. Jina limechongwa. Mashekhe wamesoma, watu wamekula. Leo nikasimame niseme tulizika kichuguu? Na wale wenye mama zao mle watanifanya nini? Mwache tu. Huko si ana chumba?"

Bi Mwamini aliyasikia yote, simu ilikuwa inapaza sauti. Akasema mtoto amechoka, wasimsumbue.

Safari ikaendelea. Akina mama wengine wakapanda ngazi, mmoja mmoja, kila mmoja na hodi yake: Bi Shamsia, Bi Raudha aliyekuwa mkunga, bibi mmoja asiyekumbukwa na mtu wala na yeye mwenyewe. Sikudhani akaongeza mchele. Bi Raudha akajifunza usukani upesi kuliko Sadick, na nahodha akampa zamu ya mchana. Sadick akanung'unika kidogo, kisha akashukuru, akawa anavua.

Shaabani ikafika mwisho. Alasiri ya siku ya kusafisha makaburi, Latifu akapiga simu.

"Tuko hapa kwa mama," alisema. "Majani tumeng'oa. Nimeona nikuwekee simu hapa juu ya marumaru, nawe uwepo."

Sikudhani akaiweka simu mezani. Akina mama wakakaa kwenye makochi ya mwenye boti, wamejitanda kanga, viganja wamevielekeza juu. Sauti ya shekhe ikaja kutoka Sofu, inakatika, inarudi. Akamtaja Bi Mwamini kwa jina lake na la baba yake. Akamwombea kaburi lipanuliwe.

"Amin," akasema Bi Mwamini.

Liwe na nuru. Lisimbane.

"Amin."

Sikudhani hakuitika. Alitazama viganja vya mama yake, vimekunjamana kwa maji, vimetulia. Dua ikaisha, simu ikajaa kelele za sahani na watoto, mtu akauliza sukari iko wapi. Kisha mtandao ukakata.

"Hilo kaburi," Bi Mwamini akauliza, "zuri?"

"Zuri, mama. Lina marumaru."

"Alhamdulillahi," akasema, akawapisha wenzake waende kushika zamu.