Nyuzi Chini ya Ukuta

Kru, kru, kru. Kitu kilikuwa kinatafuna chini ya sakafu ya jikoni, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Mjane aliyekuwa akimenya vitunguu aliweka kisu chini, akasikiliza, kisha akamwambia binti yake, "Zimeshafika."

Zilikuwa kuvu. Majuma matatu nyuma alichota udongo mweusi wenye nyuzi za kuvu chini ya mti mkubwa wa zahanati, akaulea ndani ya gunia pamoja na mizizi ya mahindi, akatia konzi moja katika kila shimo la mche wa nyanya. Marehemu mumewe alikuwa akimwaga dawa ya ukungu kila Jumamosi, akiua kuvu mbaya na njema kwa pamoja, hadi udongo ukawa mkavu kama majivu.

Bustani yenyewe ilikuwa nusu. Baada ya mazishi, shemeji yake, aliyeitwa Mita kwa kuwa hatoki nyumbani bila tepu ya kupimia, aliipima na kujenga ukuta katikati. Bomba la maji likabaki upande wake. Akasema siku ya mavuno angekuja kukagua, na akikuta pakavu angeichukua nusu iliyobaki.

Asubuhi ile nyuzi nyeupe zilipenya chini ya ukuta, kila mmoja na tone lake la maji, kama watoto waliotumwa wakaonywa wasimwage. Kufikia adhuhuri miche ilikuwa imesimama. Siku ya tatu zilileta samadi. Siku ya tano zilisukuma juu jiwe la mpaka lenye mwandiko wa marehemu, hatua ishirini ng'ambo ya ukuta, katikati ya biringanya za Mita.

Mjumbe wa mtaa aliitwa. Alilisoma jiwe mara mbili.

"Mwandiko ni wa marehemu. Sina ubishi."

"Na ukuta?" mjane aliuliza.

"Ukuta saruji imeshakauka, mama."

Akanywa maji, akaaga. Mita akalifunika jiwe kwa beseni, na mkewe akaanika soksi juu yake.

Siku ya mavuno Mita alikuja na tepu yake. Alikuta nyanya zimeiva hadi matawi yameinama. Alipima moja, kwa mazoea tu, akaikunja tepu na kuitia mfukoni. Mjane akaishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu mazishini. Ilichukua muda kwisha. Majani ya bustani tatu yaligeuka, na soksi mbili zikaanguka.

Mita akaketi juu ya ukuta wake.

"Shemeji, biringanya zangu nazo zimenona."

"Kuvu hazijui ukuta."

"Nasikia ukichimba huku kwako, nyuzi zinakatika."

"Zinakatika."

"Sasa?"

"Baba mdogo, si urudishe bomba," binti akadakia.

"Wewe, watu wazima wanaongea."

Mjane aliutazama ukuta. Ulikuwa umenyooka vizuri, bila ufa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba aliona njaa, njaa nzuri ya mtu aliyefanya kazi. Akachuma nyanya, akaifuta kwa kanga, akaing'ata.

"Sitazikata, shemeji. Nakuahidi mbele ya mwanangu. Na msimu ujao nitazilea mpaka uzisikie zikitafuna chini ya kitanda chako."