Ndafu ya Mzee Mohanlal

Kabla jogoo hajawika, mfuniko wa sufuria ndogo ulikuwa ukigongagonga nyuma ya nyumba, huko Buswelu. Bibi Teodora alikuwa amebandika choroko kwenye sufuria isiyowahi kuguswa na nyama. Aliitenga kwa ajili ya Mzee Mohanlal, jirani yao wa zamani wa Mirongo, Mhindu ambaye tangu azaliwe hajala nyama wala samaki. Tangu Teodora afiwe na mume, mzee huyo hakukosa Krismasi hata moja. Teodora alimwomba Mungu jambo moja tu: asije akaondoka na sababu ya kutorudi.

Winnie, mke wa mwanawe, alikuwa na maombi mengine. Mwaka huu alitaka Krismasi ionekane. Alitoka Dar na vitenge vya sare, spika mbili kubwa na mshereheshaji mwenye koti la kumetameta. Hakuwa mtu mbaya. Gauni la Teodora lilipozidi urefu, alilipunguza mwenyewe kwa sindano, bila kuambiwa. Ila ukutani alibandika ratiba: picha, keki, kubadilisha nguo, picha tena, halafu ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma.

"Na misa?" Teodora aliuliza.

"Ipo, mama. Tutaifuata kwenye simu tukiwa tunapakwa poda."

Teodora akaenda kanisani peke yake. Aliporudi akakuta bango kubwa getini: KRISTO KWANZA. Kwenye bango kweli alikuwa wa kwanza. Kwenye ratiba hata wa mwisho hakuwa.

Mzee Mohanlal alifika mchana na mfuko wa machungwa, akaketi nyuma, mbali na spika. Teodora alikuwa anakwenda kumpakulia choroko aliposikia mshereheshaji akinguruma.

"Sasa tunamheshimu rafiki wa familia. Mzee wetu, njoo mbele ulishwe ndafu."

Mbuzi alikuwa amepigishwa magoti mezani, majani mdomoni, uso wake umetulia kuliko wa wote waliokuwapo. Masele, mtoto wa pekee wa Teodora, alichoma kipande cha paja kwa kijiti akakielekeza kwa mzee. Simu zote zikainuliwa. Winnie akawa anahesabu, "Moja, mbili..."

Mzee Mohanlal alitazama kile kijiti, akawatazama watu waliovaa sare. Hakutaka kuwaaibisha. Akafumba macho, na taratibu akaanza kufungua mdomo.

Hilo Teodora aliliona, likamchoma. Akapita katikati ya simu, akashika mkono wa mwanawe, akakila kipande yeye.

"Mama, umeharibu video," Masele alinong'ona.

"Afadhali video." Akatafuna bila haraka. "Masele, umekulia mezani kwa mzee huyu. Sikukuu yao ya taa ulikuwa ukijaza mifuko vitumbua vyake. Ulishawahi kuokota mfupa pale?"

Kijiti kikamponyoka Masele.

"Mimi sikujua, mama," Winnie alisema.

"Hukujua kwa sababu hukuuliza, mwanangu. Wa spika ulimuuliza mpaka rangi ya nyaya."

Mtu akacheka, kisha wakacheka wengi. Mshereheshaji akatafuta ratibani mahali pa kuweka jambo hilo, hakupapata, akafungulia muziki.

Nyuma ya nyumba Mzee Mohanlal alikula choroko kwa viazi vitamu. Masele ndiye aliyemnawisha mikono, akichuchumaa na birika, sare yake ikiburuta kwenye majivu.

"Baba, nisamehe."

"Ulitaka kunipa kilicho bora," mzee alisema. "Ila yule mbuzi alikuwa ananitazama."

Winnie alikuja baadaye, amevua viatu virefu, hakuleta simu. Aliketi kwenye gogo akaomba naye aonje choroko. Akaongezewa.

Muda wa kuondoka ulipofika, Teodora alimsindikiza mgeni wake hadi getini. Maneno mengi aliyokuwa ameyapanga aliyaacha, maana mtu aliyetaka kumeza dini yake ili asikuaibishe, utamwambia nini?

"Mzee Mohanlal," alisema mwishowe, "leo tumekusumbua. Tafadhali uje tena Jumapili. Spika zitakuwa zimerudi kwa wenyewe."