Neno Lililoliwa na Upepo

Fundi alikuwa amejifunza kutabasamu kama anavyotarizi: upande wa mbele mzuri, mafundo yote nyuma. Asubuhi hiyo alimtabasamia Bibi langoni, na Bibi hakuona fundo hata moja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi tena? Haya, mawe ni yangu, shingo ni zenu. Funga lango, mbuzi wasitoke."

Hivyo ndivyo alivyomkaribisha kila mtu. Mlima ule wa miamba aliachiwa na baba yake. Watu wa kuponda kokoto walikuja na ahadi nono, akawafukuza kwa ufagio. Kisha akafungua lango kwa yeyote anayetaka kupanda, bila malipo, kwa sharti moja tu: ujifunze maneno ya kamba kabla hujagusa jiwe. "Shika" maana yake kaza, nimechoka. "Achia" maana yake nimefika juu, nimejifunga kwenye pete ya chuma iliyopigiliwa mwambani, sasa toa kamba yangu kwenye breki, kile chuma cha kiunoni mwako kinachoibana. Anayepanda akitamka, wa chini anatenda. Hakuna kuulizana.

Neno hilo la pili ndilo lililomleta Fundi pale.

Kaka yake alianguka kutoka juu ya mwamba mrefu kuliko yote, ule unaoitwa Paji. Aliyekuwa ameshika kamba chini ni rafiki yake wa damu, kijana aliyepanda mawe kama amezaliwa kichwa chini, watu wakamwita Popo. Alipoulizwa, Popo alitoa jibu moja na hakulibadilisha kamwe: "Alisema mwenyewe, achia."

Lau angesema nilizubaa, nilisinzia, Fundi angemlilia kaka yake na kunyamaza. Lakini jibu lile lilitoka mlimani, likafika mtaani, likakaa kwenye benchi la duka. "Kumbe alijitakia! Kusema achia bila kujifunga kwenye pete?" wakasema. "Si mchumba wake alikuwa amemwacha?" Mama alisikia hayo akiwa ameshika kibiriti mkononi. Alikirudisha juu ya kaunta, akaondoka. Tangu siku hiyo hata chumvi huenda kuinunua mtaa wa pili.

Fundi wakati huo alikuwa msichana wa shule, akiishi kwa shangazi. Alikua na kinyongo chake kama mtu anavyokua na kovu. Alipopata cherehani yake na chumba chake, akaja kwa Bibi kujifunza kushika kamba. Mwalimu wake akawa Popo. Hakumwambia yeye ni nani. Alijifunza vizuri, kwa bidii ya mtu anayenoa kisu, mpaka Popo akamwamini kumshikia kamba.

Mpango wenyewe ulikuwa mfupi. Popo atapanda Paji. Atafika juu. Kabla hajajifunga kwenye pete, Fundi ataachia. Wakimuuliza atalia, kisha atasema, "Alisema mwenyewe, achia." Nani atabisha? Popo mwenyewe ndiye aliyeushona uongo huo; auvae sasa, aone unavyobana.

Walikutana kwenye banda la vifaa. Zamani lilikuwa la mbuzi, na mvua ikinyesha bado liliwakumbuka. Kamba zilining'inia kwenye misumari, chini yake mikanda na kofia ngumu.

"Leo wapi?" Popo aliuliza.

"Paji."

Popo aliacha kukunja kamba. Uso wake ulikuwa mwembamba, umekauka, na vidole vyake vyeupe kwa unga wa chokaa wa kukausha jasho. "Sijapanda Paji tangu..." Alitazama nje, mlimani. "Kwa nini Paji?"

"Nimechoka na mawe ya watoto, kaka Popo. Au unaogopa?"

"Naogopa," alisema. Kisha akachukua mkanda wake.

Chini ya Paji walikaguana mikanda, kama ilivyo desturi ya mlima ule. Fundi alivuta bizimu ya mkanda wa Popo akaikuta imara. Popo aliangalia breki kiunoni kwa Fundi, akaangalia mikono yake, halafu uso wake, muda mrefu kidogo.

"Usinishonee shati huko chini. Macho kwangu."

"Sikuachi hata kidogo," Fundi alijibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kweli.

Popo alipanda, akipitisha kamba kwenye vyuma vilivyopigiliwa njiani. Fundi alimlegezea kamba kidogo kidogo, huku moyo ukimdunda kama pedeli ya cherehani. Alipomwona amefika mahali mwamba unapopasuka, alishindwa kujizuia.

"Popo! Hapa ndipo alipoanguka yule kijana?"

Popo aligeuza shingo. "Juu zaidi!"

"Alisema nini?"

Jibu likashuka: "Alisema achia!"

"Unaapa?"

"Naapa! Sina jingine!"

Naam, Fundi aliwaza, hata ukiwa unaning'inia mikononi mwangu unamsingizia marehemu. Basi wewe ndiye umejihukumu.

Popo alipita ukingo wa Paji, akapotea machoni. Kule juu upepo ulikuwa unapiga mluzi, na huku chini majani hayakutikisika. Kamba ilisimama. Fundi alishusha pumzi. Mkono wake wa kulia ulikuwa tayari kwenye breki. Aliona uso wa mama yake, akaliona benchi la duka, akamwona kaka yake akimfundisha kuendesha baiskeli, ameshika kiti nyuma, akisema niko hapa, niko hapa.

Ndipo sauti ikaja kutoka juu, imekatwakatwa:

"...achie!"

Amesema! Fundi hahitaji hata kudanganya! Mkono ulikuwa umeshaanza kutenda kama ulivyofundishwa. Kamba ilikuwa imeanza kuteleza kutoka kwenye breki, nusu ndani, nusu nje.

Lakini sikio lilikuwa limekwama. Achie?

Neno la kamba ni achia. Linaisha na *a*. Hakuna anayepayuka "achie" peke yake. Neno hilo halisimami bila kitu mbele yake, kama vile suruali haisimami bila kiuno. Niachie. Uachie.

Usiachie.

Fundi aliikamata kamba kwa mikono yote miwili, akaisukuma ndani ya breki na kuivuta chini mpaka pajani. Papo hapo uzito ukaja. Popo alitoka ukingoni mgongo ukitangulia, na Fundi akanyanyuliwa kutoka ardhini, akabamizwa kwenye mwamba, bega likalia. Viganja viliungua. Hakuachia. Alisikia mtu anapiga kelele "niko hapa, niko hapa," akatambua ni yeye.

Alimshusha polepole. Miguu ya Popo ilipogusa chini, aliketi vumbini.

"Pete imelegea," alisema, akihema. "Nimeigusa, ikacheza, nikateleza."

"Umesema nini kule juu?"

"Nimesema usiachie."

"Mimi nimesikia achie."

Popo alimtazama. Midomo yake ilianza kutikisika, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Kaka yangu," Fundi alisema, "alisema achia, au achie?"

Popo alijifunika uso kwa vile vidole vyeupe. "Sikusikiliza mwisho wake," alisema. "Nilisikia achi... mkono ukaenda. Miaka yote hii nasema achia, nasema achia. Nilimkasirikia, dada. Nilidhani alinichagua mimi nimuue."

"Unajua mimi ni nani?"

"Una pua yake. Nilikujua siku ya kwanza."

"Na bado ukanipa kamba?"

"Nilijua umefuata nini. Nikasema acha niende, nipumzike." Akacheka kicheko kibovu chenye machozi. "Kumbe kufika juu, mtu anataka kuishi."

Fundi alitamani bado kumpiga kofi, na alimpiga, la nguvu, alama ya damu ya kiganja chake ikabaki shavuni. Halafu akaketi karibu naye, wakalia wote wawili, kila mtu kwa upande wake.

Langoni, Bibi alisikiliza yote bila kumkatiza mtu. "Kuanzia leo Paji imefungwa," alisema, "na neno lile tunalitupa. Tutafute lisilolika na upepo."

Popo alidhani wanakwenda moja kwa moja kwa mama yake Fundi. "Hapana," Fundi alisema. "Kwanza dukani."

Benchi lilikuwa limejaa, kama kawaida. Maneno yalikatika walipomwona Popo ana damu shavuni.

"Karibuni," alisema mwenye duka. "Niwape nini?"

"Hatununui," Fundi alijibu. "Huyu ana neno lenu. Mlichukua nusu, amewaletea lililobaki." Akamsukuma Popo mbele, mkono wake uliofungwa kitambaa ukiwa mgongoni kwake, haumwachii. "Sema. Kwa sauti, mpaka mtaa wa pili wasikie. Na uanzie na *usi*."