Wavinya Hapimwi

"Baba Wavinya, wauguzi wanaondoka saa saba," mwalimu Amondi alisema kwenye simu. "Ulikataa kwa maandishi, kwa hivyo lazima uje mwenyewe utie sahihi."

"Mimi nilishasema. Mtoto wangu hapimwi."

Kivuva aligeuza mbavu za mbuzi juu ya jiko. Pale Soko la Burma alijulikana kwa sikio lake. Nyama haigeuzwi kwa macho, alipenda kujigamba. Unangoja mafuta yabadilishe sauti. Na kweli, hata kelele za soko zikipanda vipi, aliyasikia.

Jumatatu mwalimu aliandika kwenye kikundi cha wazazi: "Alhamisi watoto watapimwa. Mzazi, andika kama unakubali." Sasa, mtaani kwetu Kware ukiambiwa fulani amepimwa, huulizi amepimwa nini. Na Kivuva alikuwa amemzika mkewe mwaka jana huku majirani wakinong'ona. Akajibu kwa hasira: "Wavinya hapimwi. Kwetu hakuna huo ugonjwa."

"Baba Wavinya," mwalimu akaandika, "ni masikio."

Vikatuni vya kucheka vikafuatana hadi jioni. Angeandika "nakubali" tu, yangeisha. Lakini aibu nayo ina kiburi chake. Akazima simu.

"Nyumbani unamwita mara ngapi ndiyo aitike?" mwalimu aliuliza sasa, Alhamisi, kwenye simu, kwa upole.

Jana Kivuva alimwita mtoto mpaka koo likamkauka, kisha akamfinya sikio. "Sikio la kufa halisikii dawa!" alimfokea. "Sikusikia, baba," Wavinya alisema akilia, naye akaona ni ujeuri tu. Alipokumbuka hayo alijichukia.

"Owuor, nishikie jiko," alimwambia msaidizi wake baada ya kukata simu.

"Buda, na hii mbuzi ya watu ikiungua?"

"Wacha iungue!"

Kwenye lango la shule Mama Waithera, mmoja wa wazazi wa kile kikundi, alimwona na aproni yake yenye masizi. "Aki Baba Wavinya! Umekuja kupimwa?" Akina mama waliokuwa naye wakaangua kicheko. Kivuva alitamani ardhi ipasuke immeze. Akainamisha kichwa, akapita.

Wavinya alikuwa kwenye benchi nje ya darasa, peke yake. Wenzake walikuwa wameshamaliza na kurudi kusoma. Alipomwona babaye aliruka, akafikiri amekuja kumchapa, akajifunika masikio kwa mikono. Kivuva hakujua aweke wapi uso wake. Waliingia pamoja kwenye chumba cha wauguzi, akatia sahihi haraka, akasimama nyuma karibu na mlango.

Muuguzi alimvika mtoto visikizi vikubwa. "Ukisikia mlio, inua mkono. Sawa, mrembo?"

Wavinya akatazama midomo yake kwa makini, akaitikia kwa kichwa.

Muuguzi akageukia mashine yake. Chumba kikatulia. Kivuva alingoja na hakusikia kitu, akapata tumaini kidogo: pengine mlio bado haujaanza. Muuguzi akazungusha kitufe, akazungusha tena. Ndipo mlio ukaanza kuvuja kwenye visikizi, mwembamba kama mafuta yanapogusa mkaa, ukamfikia Kivuva pale mlangoni.

Mikono ya Wavinya ilikuwa imetulia mapajani. Alikuwa akimtazama muuguzi, akisubiri waanze.

Muuguzi akaongeza sauti. "Inua, mama," Kivuva alinong'ona. "Inua."

Mlio ukapanda tena. Pale mlangoni, mkono wa Kivuva mwenyewe, mweusi kwa masizi, ukainuka.