Kidole Hakikamuliwi

Kidole hakikamuliwi. Katika zahanati ya Quilcani, juu kwenye nyanda za baridi za Puno, hata watoto waliijua amri hiyo: kidole huchomwa, tone la kwanza hufutwa, la pili hungojwa lije lenyewe. Ukikikamua, maji ya mwilini huchanganyika na damu, na mashine husoma uongo. Muuguzi Leocadia Chambilla ndiye aliyewafundisha wote, tena kwa ukali.

Siku hiyo mashine yake ya mkononi ya kupimia damu ilikuwa mashtakani. Leocadia alikuwa amewapima watoto thelathini na mmoja vidoleni. Bwana Teodosio Ticona, mkaguzi, aliwatoa damu ya mshipa, akaipima kwa mashine kubwa ya maabara mjini, kisha akarudi na majibu.

“Sista, mashine yako imeshindwa. Inasema watoto ishirini wana upungufu wa damu, na wote unawanywesha dawa. Ile kubwa inasema wanne. Naiondoa. Watapimwa mjini.”

“Mjini ni mwendo wa saa nne kwa lori, bwana. Hawataenda.”

“Bora wasipimwe kuliko kupimwa na mwongo huyu.”

Leocadia aliitazama mashine. Haikuwa na kinywa cha kujitetea. Asubuhi za barafu, vidole vya watoto vikiwa vimekufa ganzi na foleni imezunguka ua, alikuwa akivikamua. Kidogo tu. Kwa miaka miwili.

“Mpime wewe,” alisema, akimsogeza mtoto wa Mama Sebastiana Huallpa, mmoja wa mama waliokuja kusikia majibu. “Kwanza mwoshe mikono kwa maji ya moto kidogo.”

Teodosio akapima kwa mashine ile ndogo, bila kukamua. Majibu yakalingana na ya maabara.

“Kumbe! Sasa mwongo ni nani?”

“Ni mimi. Huwa nakamua.”

Mama Sebastiana alicheka mpaka kofia ikamwanguka. “Toba! Wewe uliyenifukuza humu kwa kumminya mwanangu kidole! Na mwaka mzima unamnywesha dawa ya kuongeza damu, choo hapati, meno meusi kama sufuria!”

Mashine ilibaki. Jumapili mkutano wa kijiji ulihukumu bila kelele: watoto kumi na sita walikunywa dawa wasiyoihitaji, basi Leocadia ainywe siku kumi na sita, kijiko kizima, mbele ya mama zao kwa zamu.

Aliinywa. Siku ya nne tumbo lilifunga. Siku ya mwisho Mama Sebastiana alikijaza kijiko mwenyewe, akangoja ameze, akamkagua kinywa.

“Haya, tumemalizana, sista,” alisema, akamkalisha mwanawe kitini. “Mchome.”