Mama Tavorina Amaliza Kitabu cha Saba

Mwikali alikifunga kitabu, akakifungua tena ukurasa ule ule, akausoma mara ya tatu kama mtu anayetafuta sindano iliyomponyoka. Maneno hayakubadilika. Tavorina, binti wa mhunzi, aliyevunja magereza na kulala njaa ili mateka wale kwanza, alikuwa amewauza watu wake kwa adui apate kiti cha enzi. Kurasa nne tu, basi. Vitabu saba, miaka tisa ya kusubiri, na mwandishi kamaliza kazi kama abiria aliyesikia honi ya basi lake.

"Mpuuzi," alisema Mwikali, wala hakumkusudia Tavorina.

Kabibi, mshonaji mwenzake katika kibanda chao cha sare za shule pale Malindi, aliinua macho kutoka kwenye tundu la kifungo. Hakuwa amesoma hata kimoja katika vitabu hivyo vya Kiingereza, lakini alivijua vyote, maana Mwikali alimsimulia huku cherehani zikilia. Aliposikia mwisho wake alicheka hadi akaweka nguo chini. Kisha akatazama juu ya mlango, palipoandikwa kwa rangi nyekundu MAMA TAVORINA, SARE ZA SHULE.

"Shoga," alisema, "tutafute rangi mapema."

Hapo ndipo palipouma. Mtu mwingine akichukizwa na kitabu hukitupa, akala, akalala. Mwikali alikuwa amezaa mtoto akampa jina la humo, wala nafasi ya jina hilo haikuwa wazi. Kwa Wakamba, binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama yake baba, na mama mkwe wake, Mueni, alikuwa amekwisha nunua leso ya kumbebea wajina wake. Alipoambiwa mtoto anaitwa Tavorina, aliuliza kama hiyo si dawa ya kikohozi. Mwikali, kwa kiburi cha mzazi mpya, akamjibu kwamba ni jina la shujaa asiyeweza kumsaliti mtu, na mwenye shaka asubiri mwisho wa hadithi.

Mueni akasubiri. Miaka minne hakulitamka jina lile. Kwenye simu aliuliza tu "huyo mtoto" ameamkaje.

Musyoka, mumewe Mwikali, hufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Ngomeni. Mkewe alimpigia simu akiwaka moto, naye, kwa wema wa moyo na uchache wa busara, akamsimulia mama yake kama kichekesho. Siku ya pili yake Mueni akashuka basi kutoka Kitui na gunia dogo la mbaazi na shauri moja: jina libadilishwe kabla mtoto hajaandikishwa shule mwezi wa kwanza.

"Uliniambia nisubiri mwisho," alisema, akiketi juu ya robota la kitambaa. "Haya, umefika."

Mwikali alimkaribisha kwa adabu zote, akamwita mwaitu, yaani mama. Angeweza kumtetea Tavorina mbele ya mtu yeyote, isipokuwa yule aliyemwandika. Akachukua kitabu, akakisukuma chini ya mguu wa cherehani uliokuwa ukiyumba, akasema angalau sasa kitafaa.

Mueni akainama akakitoa. Alitaka asomewe pale alipoharibikia huyo binti. Mwikali akaanza kutafsiri, lakini hakumaliza sentensi mbili, bibi akamkatiza: mhunzi gani? Mateka wa nani? Kwao kesi huanzia alikozaliwa mshtakiwa. Ikabidi warudi kitabu cha kwanza.

Kesi ilichukua siku tatu za kushona. Mwikali alisimulia, Kabibi akamrudisha kila aliporuka jambo. Siku ya kwanza Mueni alikunja uso tu. Siku ya pili, gereza la tano likivunjwa, mbaazi zake ziliungua jikoni, naye akasema makaa ya Malindi hayana adabu. Siku ya tatu wakafika kwenye zile kurasa nne.

"Rudia," alisema Mueni.

Mwikali akarudia.

"Nani alimwona akifanya hivyo?"

"Mwaitu, ni kitabu. Mwandishi ndiye anayesema."

"Basi mwandishi ni mwongo." Bibi alikuwa amesimama, mkono kiunoni. "Mimi nimelima miaka arobaini. Mtu aliyechoka namjua. Mistari ya mwisho anachimba mashimo bila kutia mbegu, ili aonekane amemaliza. Huyo kachoka, kisha kamsingizia mtoto wa watu."

Kabibi alisema pengine mwandishi ana namba ya simu. Mueni hakucheka. Aliuliza inaanza na ngapi.

Ndipo mtoto akaingia mbio, akiburura kitambaa cha sare ya mteja kwenye vumbi. Mwikali alifungua kinywa kumkemea, lakini mama mkwe alimtangulia, kwa hasira iliyokuwa bado inatafuta pa kutua.

"Tavorina. Weka hicho chini."

Cherehani zote mbili zikanyamaza. Mtoto akamkodolea macho bibi ambaye hakuwahi kumwita kwa jina, akakiweka kitambaa polepole. Mueni akaketi, akavuta ungo wa mbaazi, akawa anachagua mawe ambayo hayakuwamo.

"Wa pili ataitwa Mueni," alisema bila kuinua kichwa. "Huyo hana kitabu cha kumharibia."

Mwikali hakubisha. Alipiga magoti, akakirudisha kitabu cha saba chini ya mguu wa cherehani, akakikanyagia kwa kisigino mpaka kikakaa sawa.