Tone Juu ya Upara wa Mjomba

Koki ndogo ya ukutani ilikuwa imeganda kwa chokaa ya maji, ikagoma kabisa kuzunguka. Basi Rinze akafanya jambo ambalo fundi yeyote angemzaba kofi kwa kulifanya: akailegeza nati ya tangi la choo hivyo hivyo, maji yakiwa wazi. Video aliyoitazama asubuhi ilisema kutengeneza tangi ni kazi ya dakika kumi. Ilisema pia "kwanza funga maji", ila sehemu hiyo aliiruka.

Maji yakamchapa usoni, yakailowesha kalenda ya siku za kuzaliwa iliyoning'inia ukutani kama ilivyo kwenye vyoo vyote vya ukoo, kisha yakaanza kutafuta njia sakafuni.

Chini ya sakafu hiyo ilikuwa sebule ya Bibi Baukje, aliyetimiza miaka themanini na miwili alasiri hiyo hiyo. Na humo sebuleni, chini ya choo kabisa, alikaa Mjomba Hessel. Kwa miaka miwili Mjomba alitaka nyumba iuzwe, mama yake apelekwe makao ya wazee. Krismasi iliyopita alitamka mbele ya wote: "Siku tone moja likipenya dari hii, kesho yake naita dalali." Kijiko cha Bibi kikaanza kugonga kikombe. Rinze, aliyepewa ghorofa ya juu kwa sharti la kuitunza nyumba, bado alikuwa akiusikia mlio ule.

Akaelekeza maji kwenye ndoo. Ingejaa kwa dakika tano, labda nne. Koki kuu ilikuwa chini, ndani ya kabati la ngazi, na mlango wa kabati ulikuwa nyuma ya kiti cha Mjomba.

Akashuka mbio, roho mkononi.

Watu kumi na wanne walikaa duara, kila mtu na kahawa yake na kipande kimoja cha keki. Akasita mlangoni. Huingii kwenye sherehe ya kuzaliwa ukakatiza tu. Unalizunguka duara zima, unampa kila mmoja mkono na hongera yake, hata jirani na mke wa jirani. Ukimruka mmoja, wote watajua nyumba inaungua. Au inavuja.

"Hongera, Bibi!"

"Asante, mjukuu wangu. Mbona umelowa?"

"Nimeoga."

"Na nguo zako?"

Watu wakacheka. Rinze akahamia kiti cha pili. "Mama Mdogo Froukje, hongera kwa siku ya mama yako."

"Asante. Mchumba yuko wapi?"

"Sina."

"Mpaka lini sasa?"

"Hongera tena, Mama Mdogo!"

Kiti cha saba, cha nane. Akainua macho kidogo. Darini kulikuwa na doa la ukubwa wa kisahani, na katikati yake tone lilikuwa likinenepa, sawasawa juu ya upara wa Mjomba.

"Mjomba, hongera kwa siku ya mama yako."

Hessel aliushika mkono wake, asiuachie. "Baridi kama samaki. Unaogopa nini, kijana?"

"Wewe, Mjomba."

Duara zima likacheka, isipokuwa Hessel. Alianza kufuata macho ya Rinze, taratibu, kwenda juu.

Lakini macho ya Bibi yalikwishafika huko kabla ya yake.

"Hivi mnakula keki yangu bure?" akafoka. "Simameni mniimbie! Hessel, njoo hapa unishike mkono!"

Hessel akainuka. Tone likaangukia kiti kitupu.

Waliimba. Mwisho wakarusha mikono juu, kelele za shangwe mara tatu. Kelele ya kwanza, Rinze alikuwa kabatini. Ya pili, ameing'ang'ania koki kuu kwa mikono miwili, nayo imeganda kama ile ya juu. Ya tatu, ikalia, ikazunguka.

Alipotoka, Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chenye maji.

"Mama, hicho ni changu," Hessel alisema.

"Leo vyote ni vyangu. Rinze, kaa hapa." Akamwinamia sikioni. "Usiangalie juu mpaka aondoke."

Tone jingine likatua kwenye mvi zake. Hakupepesa jicho. Kijiko tu ndicho kilichoanza kugonga kikombe, na Rinze akakichukua kikombe mkononi mwake, polepole, akakishika yeye.